Nikishaijua F

Jumatatu, 3 Machi

Fundi anahama. Nimeambiwa na yeye mwenyewe, nimesimama mlangoni kwake na blauzi yake mkononi, imenyooshwa, bado ina joto la pasi. Jumapili anakwenda mji mwingine kufungua duka la kushona pamoja na dada yake. Alisema kwa furaha. Mimi nikasema blauzi iko tayari.

Ukuta kati ya chumba chake na duka letu la udobi ni mbao nyembamba. Mimi napiga pasi upande huu, yeye anakanyaga cherehani upande ule, huku anaimba wimbo mmoja tu, mdomo kaufumba. Mwaka mzima nausikia wimbo huo. Mwaka mzima natafuta namna ya kumwambia nampenda, na kila nikifungua mdomo zinatoka habari za nguo. Yeye naye hakosi kuleta nguo. Zinakuja safi, zinaondoka safi. Sijawahi kuona mtu nadhifu kiasi hicho.

Jumamosi atatuaga majirani kwa chai. Akauliza nani ataleta muziki. Kinyozi wa mkabala, mwenye gitaa, sauti na mabega, akavuta pumzi ajibu. Nikamwahi. Nikajisikia nasema nitapiga mimi, na kwamba gitaa nimelianza utotoni. Fundi akanitazama kwa namna ambayo hajawahi kunitazama.

Mpango umejipanga wenyewe. Mdomo umeshindwa, gitaa litasema. Nitampigia wimbo wake, atajua, atabaki.

Sijawahi kushika gitaa.

Jumanne, 4 Machi

Mwenye gitaa ni yule yule kinyozi. Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Nikainama, nikamwambia nataka kumfurahisha mama. Akakubali upesi mno. Mtu mwema namna hiyo ana lake jambo. Kila siku mchana anavuka kwenda kwa Fundi, wanazungumza, wanacheka, nami huku naunguza kola za watu.

Nikamwimbia ule wimbo. Akasema ni mwepesi, una kodi tatu tu. Kodi, kumbe, ni nyuzi kadhaa zinazobonyezwa na kupigwa kwa pamoja. Hizi zinaitwa C, G na F. Alinikalisha kwenye kiti cha kunyolea, akasimama nyuma yangu na gitaa lake, akanionyesha yote kwenye kioo. Kisha akaniazima nikafanye mazoezi nyumbani.

Mimi si mjinga. Najua kioo hugeuza vitu. Kwa hiyo nami nikageuza kila nilichokiona. Jioni nzima nimebonyeza kwa mkono wa kulia na kucharaza kwa wa kushoto. Dada yangu, ninayeishi naye, aliuliza kama kuna paka chini ya kitanda.

Jumatano, 5 Machi

Kinyozi aliponiona nimelishika gitaa aliketi chini akacheka mpaka mteja wake, aliyenyolewa nusu, akaanza kucheka naye. Nimeanza upya.

Vidole! Hakuna aliyenionya kuhusu vidole. Nyuzi zile ni za chuma, nazo zinataka kubonyezwa mpaka ziguse mti. Ncha za vidole zimeiva. Leo nimefunga vifungo vya shati la mteja kwa kutumia viganja. Kinyozi anasema sugu zitaota zenyewe, nivumilie wiki kadhaa. Wiki kadhaa! Jumamosi ni keshokutwa ya kesho.

Lakini mimi ni dobi. Kola ikilegea, dobi hufanya nini? Huitia wanga. Nikakoroga wanga mzito, nikachovya vidole vyote vya mkono wa kushoto, nikavikausha karibu na pasi. Vikawa vyeupe na vigumu. Mjomba, mwenye duka, alinikuta nimeviinua hewani akauliza naapa nini.

C ikalia safi. Nusura nilie nami. Kisha mkono ukatoka jasho, wanga ukalainika ukawa gundi, na vidole vikanasa kwenye nyuzi. Nikavibandua kimoja kimoja, na kila kimoja kikatoa sauti yake.

Upande wa pili cherehani ikanyamaza. Baadaye ikaanza tena, polepole sana. Nadhani nimemuudhi.

Alhamisi, 6 Machi

Mjomba amepiga marufuku gitaa kazini. Nikalitia ndani ya mfuko wa suti, nikalitundika katikati ya suti nyingine. Halionekani hata kidogo. Nikatoka kupeleka mashuka, natembea najisifu.

Niliporudi, Mjomba alikuwa ameshampa mteja mfuko ule. Bwana huyo alikuwa anakwenda kujitambulisha ukweni. Ameufungua mbele ya baba mkwe ili avae koti.

Alirudi alasiri, akaliweka gitaa mezani kwa namna ya kutisha. Mjomba aliomba radhi kwa niaba ya ukoo mzima, kisha akanigeukia akasema, mpwa wangu, damu ni damu, lakini pasi ni pasi. Kwa adhabu nimepewa mapazia yote ya nyumba ya wageni.

Na kama hayo hayatoshi, mteja alisema kwamba ukweni walimwomba apige, na kwa kuwa nyuzi zilikuwa ovyo, amezikaza vizuri. Nani alimtuma? Nilipojaribu C haikuwa ile C yangu. Ilikuwa sauti nyingine kabisa, ya kigeni. Jioni yote nimezungusha zile funguo za juu mpaka nyuzi zikarudi kama nilivyozizoea.

Ijumaa, 7 Machi

Kinyozi aliuliza ni adui gani aliyevuruga nyuzi. Nikamtaja mteja. Akazilinganisha upya, nami nikanyamaza.

Tatizo sasa ni F. C na G nimezipata, ingawa kutoka moja kwenda nyingine wimbo husimama kunisubiri. F haishikiki. Kidole kimoja kinalala juu ya nyuzi zote na kuzikandamiza peke yake, huku wenzake wanajipanga kwingine. Mkono unaingia ganzi mpaka begani, na kinachotoka ni mlio wa bati.

Nimepata dawa. Kila F ikifika, nitakohoa. Kikohozi hakichagui mtu. Nimefanya mazoezi mbele ya dada, kakohozi kafupi, ka kistaarabu. Akaniwekea maji ya moto.

Nilipokuwa naondoka, kinyozi alinishika bega. Akasema anajua mama yangu hashoni nguo. Akasema, kaka, achana na gitaa, mwambie kwa mdomo, leo, mlango wake uko wazi. Lahaula, ujanja ulioje! Anataka niende kwa Fundi mikono mitupu ili nianguke. Nikamshukuru kwa baridi.

Baada ya kufunga duka nilibaki ndani. Nilizima pasi nisikilize. Fundi alikuwa anamalizia pindo fulani, anakanyaga, anasimama, anaimba kidogo. Wimbo ukifika katikati anarudi mwanzo, daima hivyo, haumalizi. Nikaweka kiganja kwenye mbao, nikahisi cherehani inavyotetemesha ukuta. Keshokutwa upande ule kutakuwa kimya, nami nitapiga pasi nikisikiliza ukimya. Namtaka abaki. Sijui kulisema hilo isipokuwa humu.

Jumamosi, 8 Machi

Kinyozi alikuja na mchumba wake. Ana mchumba! Gauni la harusi yao ndilo alilokuwa akifuatilia kila mchana kwa Fundi. Kola zote zile niliziunguza bure.

Zamu yangu ikafika. C. G. Nikakohoa. C. G. Nikakohoa. Watu wakaanza kutazamana. Mara ya tatu Fundi aliniletea maji. Mara ya nne Mjomba, kwa upendo, alinipiga mgongoni kwa nguvu, gitaa likagonga meza na chai ikamwagika kwenye kitambaa nilichokinyoosha mwenyewe. Wakapiga makofi kwa kuwa nimenyamaza.

Fundi hakucheka. Alikuja akaketi karibu nami, akasema ameutambua wimbo. Akangoja. Macho yake yalikuwa yanangoja hasa. Ulimi ukaja mpaka kwenye meno.

Nikasema doa la chai hutoka likilowekwa mapema.

Jumapili, 9 Machi

Nimembebea cherehani mpaka kwenye gari. Nzito, lakini nilitembea polepole kwa hiari yangu.

Akasema wiki nzima amenisikia ukutani. Akasema alikuwa anapunguza mwendo wa cherehani ili asinipite. Akasema hakuwa na haja ya gitaa, neno moja lingetosha, na kwamba mtu hapeleki blauzi safi kwa dobi kila wiki kwa kupenda pasi. Kisha akanipa namba yake ya simu na kusema, jirani, nipigie, hata leo, gitaa liache huko huko.

Gari likaondoka. Nilisimama mpaka vumbi likatulia, na hata baada ya hapo.

Nimeyapima maneno yake kwa makini. Gitaa liache huko huko. Yaani nilipiga vibaya kiasi hicho! Kanifichia aibu kwa upole, kama kawaida yake. Nimeibandika namba kwenye shingo ya gitaa, pale pale F inapokaa. Siwezi kumpigia na kikohozi. Nikishaijua F, nampigia siku hiyo hiyo.

Jumamosi, 12 Aprili

F imelia!

Wazi, nyuzi zote, hakuna bati hata kidogo. Nimeirudia mpaka Mjomba akatoka mlangoni na kusema, haya, tumeisikia. Sugu zimeota, nashika pasi ya moto bila kitambaa. Nimepiga wimbo mzima, C, G, F, mpaka pale Fundi alipokuwa akiishia kila siku. Upande wa pili hakuna aliyepunguza mwendo. Wameweka magunia ya mkaa.

Fundi ameandika tena kwenye simu yangu; namba alipewa na kinyozi. Anauliza kama ni mzima, na kama nimepoteza namba. Kasema duka limefunguka vizuri, ila ukuta wa huko ni wa matofali, hausikiki kitu. Barua zake hizi za simu zote nazijua kwa moyo. Sijajibu hata moja, nataka jibu la kwanza liwe na muziki.

Nikachukua simu. Kidole kilikuwa kimeshagusa namba yake. Nikamkumbuka vile anavyoimba, mdomo kaufumba, na nikajiuliza: gitaa peke yake litamwambia nini, bila sauti? Nikairudisha simu mfukoni.

Nimevuka kwa kinyozi. Jumatatu ananianzishia mafunzo ya kuimba.