Kiwavi Kwenye Wigi la Wifi

Jumamosi, 5 Aprili
Mawingu mazito tangu alfajiri, hakuna upepo. Nguo za jana bado mbichi kambani.

Wifi kawashwa na kiwavi. Kaanua taulo, kajifuta nalo uso, kumbe ndani mna mtu. Ukelele wake ulimwamsha hata jirani wa zamu ya usiku. Shavu limevimba, jicho moja limebaki mstari. Nilimtoa manyoya ya kiwavi kwa utepe wa gundi: bandika, bandua, bandika, bandua. Shukrani yake ni kusema mpera wangu ukatwe, eti ndiko viwavi wanakodondokea kambani.

Mpera wangu! Niliupanda mwenyewe mwaka nilioolewa. Cherehani yangu inakaa chini yake. Ukikatwa narudi chumbani, na mle ndani hata sindano siwezi kuitunga uzi mchana kweupe. Wateja watanikimbia.

Tatizo ni mume wangu. Fundi friji, mtu mpole, lakini msimamo wake ni wa yule aliyeongea naye mwisho. Jioni niliongea naye mimi: mpera unabaki. Wifi akampelekea kaka yake chai: unakatwa. Nikamfuata na soksi safi: unabaki. Wifi akakumbuka ghafla kumwuliza habari za mgongo wake. Akalala na maneno ya wifi. Mkata miti ameambiwa aje tarehe thelathini.

Mpango: viwavi wakiondoka, kesi imekufa. Rahisi kabisa.

Jumapili, 6 Aprili
Jua kali, anga safi.

Wifi alipotoka tu, nikavaa glavu za kuoshea vyombo, nikachukua koleo la jikoni, nikawachuma mperani mmoja mmoja. Nia ilikuwa kuwatupa shimoni.

Kosa langu ni kuwaangalia.

Ubavuni wana manyoya ya rangi ya fedha, kama lesi iliyoshonwa na mtu mwenye subira ya malaika. Nilimgusa mmoja kwa kijiti. Akafungua nyufa mbili nyuma ya shingo, ndani mna manyoya meusi yenye buluu, kama bwana anayekuonyesha bitana ya koti lake. Kisha akafunga. Nikaona aibu, kana kwamba nimefungua mlango bila kubisha. Na wanavyokula! Kichwa kinashuka kwenye ukingo wa jani, kinapanda, kinashuka. Sindano ya cherehani yangu hasa. Ukitega sikio unawasikia.

Sikuwatupa. Mpango mpya, bora zaidi: nitawalea. Mwalimu wetu wa biolojia alifundisha kwamba kiwavi hujifunga, hulala, huamka ana mabawa. Nakumbuka vizuri kwa sababu swali hilo nililikosa. Kabla ya tarehe thelathini mume wangu ataona mabawa, na mtu aliyeona mabawa hakati mti.

Nimewaweka stoo, kwenye boksi la pasi. Aliye mkubwa kuliko wote nimemwita Mheshimiwa. Akipita, wengine wanampisha.

Jumanne, 8 Aprili
Mvua ya rasharasha. Baridi kidogo.

Janga! Boksi tupu.

Nilitoboa matundu ya hewa kwa bisibisi kubwa ya mume wangu. Nilijisifu kwa kazi safi. Sasa nimepima: matundu ni mapana kuliko wanaopumua.

Niliwakuta karibu wote kwenye kizingiti cha dirisha la stoo, wamefuatana kama watoto wa shule. Nikawarudisha mperani, matawi ya juu upande wa ukuta, mbali na kamba ya nguo. Mheshimiwa hayupo. Nimetafuta chini ya magunia, ndani ya ndoo, hadi kwenye viatu. Wifi aliniuliza nimepoteza nini. Nikasema kifungo. Akasema kwa jinsi ninavyotambaa, hicho kifungo lazima ni cha dhahabu.

Ijumaa, 11 Aprili
Ukungu asubuhi, baadaye jua.

Nimempata. Heri nisingempata.

Ukuta kati ya stoo na chumba cha wifi haufiki juu kabisa. Wifi akiwa kazini (yuko mapokezi, ofisi ya mawakili), niliingia chumbani mwake na kisingizio cha kupiga deki. Juu ya kabati yako mawigi yake mawili. Fupi ni la kila siku. Refu, lenye mawimbi, ni la mambo makubwa. Linakaa juu ya jagi lililopinduliwa kama malkia kitini.

Ndani ya mawimbi, usawa wa kisogo, kuna kifuko cha nyuzi kama kokwa ya tende. Kimeshonwa kwa nywele zenyewe. Mheshimiwa amevuta nywele upande huu, amevuta upande ule, amezikaza kwa uzi wake, kisha akajivua manyoya yake na kuyafuma humo humo. Nimeshona miaka mingi. Sijawahi kuona mshono ambao ndani na nje huwezi kutofautisha.

Nikikitoa, wigi linachanika. Nikisema, anakitupa. Basi sisemi. Kazi iliyobaki ni moja: wifi asivae wigi refu mpaka Mheshimiwa atoke.

Jumanne, 22 Aprili
Mawingu, joto la kuchosha.

Namsifia wigi fupi kutwa. Asubuhi nilisema linampa uso wa bosi. Mchana nilimtumia ujumbe kwamba jirani ameniuliza yule dada mrembo ni nani. Jioni nilisema hata shingo yake imerefuka. Wifi akaniuliza kama nataka kukopa kitu.

Baadaye akatangaza habari mezani: tarehe thelathini ofisi nzima inapigwa picha ya ukutani. Atavaa refu.

Tarehe thelathini! Picha na shoka siku moja.

Jumanne, 29 Aprili
Jua la kiasi, jioni tulivu kabisa.

Sijui nianzie wapi.

Magharibi wifi aliteremsha wigi ili alichane. Akapenyeza vidole kisogoni. Ukelele uleule wa siku ile, ila huu mrefu zaidi. Mume wangu akatokea na spana mkononi akidhani ni mwizi. Ikabidi niseme. Nikasema nusu, nusu nyingine wifi akaimalizia mwenyewe: "We mwanamke, unafugia wadudu kichwani kwangu?" Akamgeukia kaka yake: mpera kesho chini, na asubuhi asimsikilize mtu. Mume wangu akaafiki. Mimi nikaambiwa nilete mkasi wangu, nikikate hicho kidude mbele yake, maana picha ni saa tatu asubuhi.

Tukaweka wigi mezani, chini ya taa. Nikashika mkasi. Nikausogeza. Kifuko kikatikisika.

Wifi akasema, "Ngoja."

Ncha ya kifuko ikalowa. Kikafunguka bila kuchanika, kama ukosi unaopanuliwa na kichwa kinachopita. Akatoka kiumbe mwenye manyoya, amelowa, mabawa yake vitambaa viwili vilivyokamuliwa vikasahauliwa. Nilidhani ni kilema. Niliumia moyo kabisa. Akapanda mawimbi ya wigi hatua kwa hatua, akafika kileleni, akaning'inia. Na mabawa yakaanza kushuka. Polepole. Ukikazia macho huoni kitu, ukipepesa, yameongezeka. Nimepiga pasi maisha yangu yote na sijaona mkunjo ukiondoka namna ile. Rangi ya kahawa iliyokolea, na mstari mmoja mweupe kuvuka mabawa yote mawili, kama upindo wa fundi asiyehitaji rula.

Wifi alikuwa ameshika mkono wangu. Sijui tangu saa ngapi.

Nilimletea Mheshimiwa maji ya sukari kwenye kijiko. Hakujali. Nikatazama kwa karibu: hana mdomo wa kulia chochote. Wifi akanong'ona: basi amekuja duniani kufanya nini?

Jibu lilikuja dirishani. Tap. Kisha tap nyingine. Nondo mmoja mdogo wa rangi ileile, antena zake kama manyoya ya ndege. Kisha watatu. Nikasema wanafuata taa, nikaizima. Wakaongezeka! Wavu wa dirisha ukajaa mabawa, ukawa unavuma kama jokofu bovu, alisema mume wangu, na yeye ndiye anayejua. Kumbe Mheshimiwa ni jike. Ametulia pale juu kama bibi harusi, hasogei, na katika giza la nje wanatoka wasiojulikana walikokuwa.

"Hajatoka nje hata mara moja," wifi akasema. "Wamejuaje yuko humu?"

Biolojia yangu iliishia pale. Tukasimama watatu gizani. Mwishowe wifi mwenyewe ndiye aliyefungua wavu.

Jumatano, 30 Aprili
Umande mwingi. Sikutazama anga vizuri, nilikuwa na kazi.

Alfajiri nilisikia wifi akimnong'oneza mume wangu jikoni. Nikajua: anaongea mwisho! Usiku wote ule wa ajabu, na bado ana roho ya shoka.

Nikafunga kufuli la geti, nikaficha ufunguo ndani ya lile boksi tupu la pasi, stoo. Nikakaa kwenye cherehani, nikashona upindo usio na nguo.

Mkata miti akaja, akagonga. Wifi akatokea amevaa tayari, wigi fupi kichwani. Geti limefungwa, ufunguo hauonekani. Tukatafuta wote. Mimi nilitafuta kwa bidii kuliko wote, mahali nilipojua haupo. Muda ukaenda. Wifi akaanza kulia, akasema balaa gani hili, na yeye alfajiri alimwomba kaka yake auache mti wa watu.

Auache!

Nikakimbia stoo. Boksi hakuna. Mume wangu akasema amelichoma shimoni, dada yake alimwomba atoe takataka. Nikachokoa majivu mbele ya watu wote. Ufunguo niliutoa mweusi, umepinda, hauingii tena kufulini, na hapo hakuna aliyehitaji maelezo.

Mkata miti alivunja kufuli kwa kisogo cha shoka. Ndiyo kazi pekee aliyofanya leo.

Wifi alifika picha inapigwa. Pichani yuko pembeni, bega na sikio moja tu. Amerudi na kusema mkata miti aitwe tena kesho.

Ijumaa, 2 Mei
Jua, upepo mwanana, mpera unanukia.

Jana sikuweka mpango wowote. Nililia tu, kweli. Nikamwambia wifi nimekosea na sina la kujitetea. Akatoa masharti mbele ya mume wangu: mti ubaki, tawi la juu ya kamba ya nguo liondoke, na nisiingize tena mdudu ndani ya nyumba hii. Nikiingiza hata mmoja, shina zima chini. Nikaapa. Mume wangu akaafiki, na tukamzuia asiongee na mtu mwingine mpaka alipolala.

Mheshimiwa amekufa leo mchana, palepale kileleni. Mwepesi kama pumzi. Wifi ndiye aliyemzika, chini ya mpera. Akaniomba nilioshe wigi lake vizuri, nimrudishie kabatini.

Usiku nimekaa nalo na beseni la maji ya uvuguvugu. Nikapekua mawimbi. Mayai! Madogo, ya kijivu, yamepangwa kando ya unywele kama mishono ya nyuma, kila moja lina doa jeusi katikati, yananitazama. Sijui kama mshono mzuri hivi umewahi kushonwa na mtu asiye na mikono.

Nimefikiri sana kuhusu kiapo. Nimekipitia neno kwa neno. Niliapa kutoingiza mdudu. Hawa sikuwaingiza. Wamezaliwa humu humu.

Beseni nimelimwaga. Wigi nimelichana juujuu, nimelirudisha kwenye jagi lake. Wifi nimemwambia kwamba wigi likishaoshwa hupumzishwa mwezi mzima, lisiguswe wala lisipulizwe. Ameniamini, akanishukuru. Nalala sasa, saa nane kasorobo usiku.