Chuo Kikuu cha Juu ya Duka Langu

Jumatatu, 3 Februari 2025

Redio imesema mpango wa maendeleo ya taifa wataka watu binafsi wafungue vyuo vikuu. Mimi ni mtu binafsi. Miaka arobaini nashona majoho ya mabwana harusi hapa Mji wa Kale. Shule niliiacha darasa la tano, lakini juu ya duka nina chumba kitupu, madirisha matatu. Nimepeleka maombi leo leo. Chuo Kikuu cha Fakhruddin. Nimelisoma jina kwa sauti mara sita. Lapendeza.

Jirani yangu Burhanuddin, muuza sufuria, kauliza profesa ni nani. Nikamjibu: asubuhi mimi, mchana nalala.

Jumanne, 25 Februari

Afisa wa vibali atakuja keshokutwa kukagua. Nimempata mwanafunzi: Kitsao, bawabu wa benki. Nikamwuliza ataka kusomea nini. Kasema chochote cha kukaa kitini.

Alhamisi, 27 Februari

Chuo bila mahafali ni chumba tu. Basi nimemvisha Kitsao joho jeusi la zari, kilemba juu, nikamsimamisha mlangoni amlaki mgeni. Nikajivunia mkono wangu.

Nilisahau ni Shaabani, kila uchochoro una harusi. Bimdogo, jirani wa dirisha la pili ng'ambo, kamwona, kapiga kigelegele. Mtaa mzima ukaitika. Burhanuddin, hasidi yule, akampigia simu Mbeyu, mke wa Kitsao, akaangaye viazi Makupa: mumeo yuaoa.

Afisa alifika, mama wa makamo mwenye faili. Nikamvisha shada la asumini, heshima ya mgeni. Hapo hapo Mbeyu akatokea na mwiko, akimwuliza afisa: mke mwenza, umekuja na godoro lako au utalalia faili?

Afisa akapanda ngazi mbio. Amekagua chumba nusu saa nzima, mlango kaufunga kwa ndani. Chuo gani kimekaguliwa hivyo?

Ijumaa, 28 Februari

Kitsao kalala kwenye kibanda chake cha lindo benki. Mbeyu kamfungia mlango, nguo zake kazitupa nje. Nikaenda Makupa mwenyewe kuomba radhi. Nikaapa yule mama ni wa serikali. Mbeyu kasema serikali nayo huolewa. Ila atamsamehe nikimvisha yeye lile joho mbele ya mtaa wote ulioshangilia.

Nimemvisha baada ya alasiri. Bimdogo kapiga kigelegele tena. Kitsao karudi nyumbani nyuma ya mkewe, kabeba mwiko. Nami nimetoa shahada yangu ya kwanza.

Jumamosi, 1 Machi

Kibali kimekataliwa. Sababu kumi na nne, ya mwisho ni mwiko. Burhanuddin kaisoma barua barazani, watu wakacheka mpaka mate yakawapalia. Nimewaambia wanitajie chuo kingine kilichotoa shahada bila kupoteza wakati kufundisha.

Jioni redio imesema watu binafsi sasa wajenge reli. Nimeupima uchochoro wetu. Treni yapita vizuri, Burhanuddin akivunja baraza lake.