Mabawa ya Kwapani

Jumatatu, 3 Agosti 1925
Joto. Chemchemi imekauka, na mbuzi wananitazama kama mimi ndiye niliyeyanywa maji yao. Binamu yangu Marash amerudi kutoka mjini Shkodra na gramafoni! Kijiji kizima kimehamia uani kwake. Hata Drane, yule mjane anayeishi na baba yake kwenye kinu cha maji kule korongoni. Nilimwona anacheka kwa jambo alilosema Marash. Nililisikia jambo lenyewe. Halikuchekesha hata kidogo.

Wazee wakaanza kulalamikia ukame. Wakasema ni kulshedra, lile joka la vichwa vingi, limelalia maji huko mlimani, na kizazi hiki hakina dragua, mtu anayezaliwa na mabawa kwapani, wa kupigana nalo. Nikasema, polepole, nikitazama chini, kwamba mama alinizaa na mabawa kwapani.

Gramafoni ikazimwa!

Jumanne, 4 Agosti
Mama kapata habari. Amenifuata zizini na mwiko mkononi. "Makwapa hayo nimeyaogesha mimi," akasema, "na sikuona hata unyoya." Tena dragua wa kweli hajitangazi. Anataka nikawaambie watu nilikuwa natania. Haiwezekani. Leo nimeletewa kahawa bila kuomba, na mzee mmoja kanipisha kiti chake. Drane aliuliza kama mabawa yanauma. Nikasema hasa jioni.

Alhamisi, 6 Agosti
Marash anadai ayaone. Nikamwambia anayeyaona hupofuka. Akasema Mungu kampa macho mawili, moja yuko tayari kulitoa. Mtu wa kuudhi huyu!

Basi nimebandika manyoya ya kuku kwa utomvu wa msonobari. Ukiyatazama kwa mbali, kwenye kioo chenye vumbi, si mabaya.

Jumapili, 9 Agosti
Aibu! Utomvu umeyeyuka. Nje ya kanisa Drane alinisalimia, nikajisahau, nikainua mkono. Unyoya ukachomoka kwenye shati, ukaelea, ukatua juu ya kofia ya padri. Una madoadoa. Hakuna asiyemjua kuku wa mama. Marash akapaza sauti: "Jamani, dragua wetu karibu atataga!" Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Nikasema, bila kupepesa macho, kwamba tunanyonyoka hivyo dhoruba ikikaribia.

Kicheko kikakatika. Mzee Deda, baba yake Drane, ambaye masikio yake yamechoka, akauliza nimesema nini. Wakampigia kelele: dhoruba inakuja, Pashko anakwenda kupigana!

Sikusema ninakwenda popote.

Jumatano, 12 Agosti
Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umefungwa bendeji.

Jana mchana mawingu yalikuja meusi tii. Ngurumo ya kwanza tu, watu wakawa mlangoni. Dragua hupigana kwa jembe la ng'ombe na nira. Jembe lilikuwa limevunjika, basi wakanivika shingoni nira ya ng'ombe wa Marash. Wanawake wakalia. Mama hakulia. Alinipa mkate wa mahindi akaninong'oneza: "Tafuta pakavu ujifiche, mwanangu."

Nilipotoka machoni pao sikupanda mlima. Nilishuka korongoni, nikajibanza chini ya kinu, kati ya nguzo zake. Pakavu kabisa. Nikala mkate.

Kisha nikasikia mawe yanagongana kule juu. Kisha maji, rangi ya udongo, yamesimama kama ukuta! Nira ikanasa kwenye nguzo. Nilipiga mayowe ambayo sikujua ninayo. Nilimwita mama. Niliwaita watakatifu wote, na nadhani wengine niliwabuni.

Drane na baba yake walikuwa wamejifungia mle ndani wakingoja mvua ipite. Alisikia mayowe, akamkokota mzee nje kuja kuona nani anauawa. Walipofika ukingoni, kinu kikang'oka. Chote. Nami nikaenda nacho, nira ya shingoni ikiniweka juu ya maji, hadi Marash, aliyeyafuata mayowe, aliporuka majini na viatu vyake vipya vya Shkodra. Alinivuta kwa masikio.

Ijumaa, 14 Agosti
Chemchemi inatiririka! Kijiji kinasema nililiburura joka kutoka mlimani hadi kinuni, na mayowe yale yalikuwa ya kwake. Marash anajua aliponiokota. Nilimwuliza kwa nini hasemi. Akasema alimwona Drane amesimama ukingoni, kamshika baba yake mkono, wote wazima, kwa hiyo mimi niseme nitakavyo. Nikamshukuru bila kuongeza chumvi. Mimi!

Alasiri Drane akaja na jibini. Wamebaki bila kinu, hata jiwe la kusagia halipo, naye ananiletea jibini. Akasema, "Nilikusikia, Pashko. Ulikuwa unamwita mama yako." Nikaanza kueleza kwamba hilo ni neno la vita. Akanikatiza. Akasema mabawa hayamhusu. Ni mtu aliyepiga kelele kwa woga ndiye aliyewatoa ndani, na mtu huyo anamtosha. Ila uongo basi.

Nikaapa. Kwa moyo wangu wote. Nililia kidogo, kwa sababu ya mkono.

Jumamosi, 15 Agosti
Wageni kutoka bonde la pili, na kondoo dume mnene wa zawadi. Kisima chao kinanguruma. Wanasema ni Mrembo wa Dunia, yule mwenye kasri chini ya ardhi, kakasirika, na anayeshuka kwake bila kufahamiana naye harudi. Waliuliza, kwa adabu sana, kama mtu kama mimi amewahi kukutana naye.

Drane alikuwapo, anamsaidia mama kukanda unga. Akanitazama. Nikafungua mdomo niseme hapana.

Nikajisikia nikisema: "Huyo? Tumenyonya ziwa moja."

Mama kaangusha bakuli. Drane kachukua shali yake, kafika mlangoni, kisha karudi kukaa. Anasema anataka kuona nitatokaje katika hili.

Nashuka kisimani Jumatatu. Kamba wanaleta wao.