Mkwe Aliyefika Msibani kwa Mbio

Jamani, leo nimeumbuka mbele ya ukoo mzima wa watu nisiowajua. Naandika miguu ikiwa kwenye beseni la maji ya moto.

Mnajua zimebaki wiki mbili tukimbie nusu marathoni. Kocha wetu, Mgaya, akatoa amri: leo kila mtu kilomita kumi na nane, simu irekodi mwanzo mwisho. Asiyemaliza anahamishiwa kilomita tano, na watoto na wazee. Mimi kukimbia sikupendi (wenzangu wa ofisini waliniandikisha nikiwa nimetoka kununua chapati). Shida ni mwanangu Neema. Ameshalitangazia darasa la tano zima kwamba mama yake anakimbia ishirini na moja. Nikishindwa, namwangaliaje?

Nikatoka nyumbani Kihesa saa kumi na mbili na nusu, baridi ya kukata masikio. Suruali ya kubana, kofia ya sufu, simu kiunoni. Tisa kwenda, tisa kurudi. Mpaka ya tano nikawa najisifu. Ya saba, kichomi! Ya nane, machozi yakaanza kutoka yenyewe. Nikawa nasema kwa sauti, "Mungu wangu nakufa! Mungu wangu nakufa!" (Nilidhani sisikiki.)

Zimebaki hatua chache nigeuke, nikakuta uwanja wa nyumba umejaa watu. Turubai, viti, akina mama kwenye mikeka. Msiba. Huku kwetu hupiti msibani unakimbia, labda uwe na kichaa. Nikasimama. Nikashika kichwa kwa mikono miwili, nahema, machozi yanatiririka.

Kosa lenyewe ndilo hilo.

"Amefika!" mama mmoja akapaza sauti. "Mke wa Kastori amefika!" Akina mama wote wakaangua kilio upya.

Kumbe mazishi yalikuwa yanasubiri watu wa Mbeya. Marehemu ni mzee wa miaka tisini na kitu. Mjukuu wake Kastori alikuwa njiani na mkewe, ambaye kijijini hajawahi kuletwa, na alfajiri alipiga simu kwamba basi limewaharibikia. Sasa wanaona mwanamke mgeni, anakuja mbio, analia, anamwita Mungu. Wewe ungedhani nini?

"Jamani, mimi si..." Pumzi hakuna.

"Pole mwanangu, usiongee," shangazi mmoja mzee akanidaka mkono. "Kastori yuko wapi?"

Nikatikisa kichwa, maana simjui.

"Kabaki na basi," akawaeleza wenzake. "Mke katangulia kwa miguu. Huyo ndiye mke!"

Nikafungwa vitenge viwili kuificha suruali. (Mtu akanong'ona, "Mkwe na nguo hiyo!") Nikaketishwa mkekani, macho chini kama mkwe anavyotakiwa. Nikasema moyoni, pumzi ikirudi naeleza. Pumzi ikarudi, sala ikaanza. Utakatizaje sala? Sala ikaisha, mzee mmoja wa ukoo akasimama kunitambulisha. Akasema ukoo umepata mkwe wa mfano. Moyo ulinidunda kuliko nilipokuwa nakimbia! Kila nikikaa kimya uongo unazidi kukua, na nikifungua mdomo naharibu msiba wa watu. Nikalia sasa kweli, kwa woga.

Halafu wakaniita niwe wa kwanza kuaga mwili. Nikapelekwa nimeshikwa huku na huku. Nasimama mbele ya jeneza, namwomba marehemu msamaha kimoyomoyo, mara simu ikapaza sauti ndani ya vitenge: hongera, umetimiza kilomita tisa!

Na hapo hapo gari likasimama, wakashuka kijana na mwanamke, wote wanalia. Kijana akaniona nimeshikiliwa mbele ya jeneza la babu yake.

"Huyu ni nani?"

Ndiye Kastori. Watu wote wakanigeukia.

"Mimi... nilikuwa kwenye mazoezi."

"Mazoezi ya nini?" shangazi akauliza.

"Ya kukimbia."

"Unakimbilia wapi?"

"Hapa hapa, shangazi. Nikifika nageuka, narudi nilikotoka."

Akanitazama juu mpaka chini. "Na unalia nini?"

"Mbavu."

Wa kwanza kucheka alikuwa mjane. Akasema mume wake alipenda vituko, hiki kingemfaa. Nikapiga magoti kuomba radhi. Mke halisi wa Kastori akanipa mkono: "Pole, mke mwenza." Ardhi ingepasuka ningeingia!

Kastori akataka nirudishwe na gari. Nikamkumbuka Neema, nikakataa. Nikazikimbia tisa za kurudi bila kutazama nyuma. Mbavu zenyewe sijui zilipona saa ngapi. Kocha kapitisha jina langu. Neema kashangilia mpaka jirani akachungulia.

Ningefurahi na mimi. Ila wakati naondoka, shangazi alinisindikiza hadi barabarani, akachukua namba yangu na kuniuliza mbio zenyewe lini. Sasa hivi amepiga. Wamepata gari la watu thelathini, wanakuja wote.

"Usiishie njiani," kasema. "Utatuaibisha, mkwe wetu."

Anayejua namna ya kukimbia kilomita ishirini na moja bila kulia aniandikie. Mwenye kucheka apite tu, aendelee na shughuli zake.