Nilivyowashangilia Ostrander

Jumamosi, 9 Machi

Tumefungwa. Nusu fainali ya ligi ya mpira wa kikapu, na tulikuwa mbele kwa pointi kumi na nne. Kumi na nne! Pengo la namna hiyo hata mimi na goti langu bovu ningelilinda, tena nikiwa nimekaa. Lakini vijana wetu wa Chuo cha Bramwell, wasomi wakubwa, wakaona kazi imekwisha. Wakaanza kurusha mipira ya mbali kama watu wanaofukuza ndege shambani. Mitupo huru ndiyo usiseme. Mtu amesimama peke yake, hakuna wa kumgusa, goli liko pale pale lilipokuwa jana, na anakosa.

Tumefungwa kwa pointi moja. Na nani? Ostrander.

Kocha akasema kwenye televisheni kwamba anajivunia juhudi za vijana. Na mimi najivunia juhudi za mashine ya kukatia nyasi ya Mchungaji Yoder, ambayo iko karakanani kwangu tangu Oktoba na haijawaka.

Huyu kocha nilimwonya. Mwaka juzi, kituo cha mafuta, nilimchorea ulinzi mzima kwa kidole kwenye vumbi la gari lake. Akashukuru sana. Akaenda moja kwa moja kuliosha.

Simu ya shemeji Dwight, mume wa dada yangu Joretta, iliingia kabla filimbi ya mwisho haijanyamaza. Dwight alisoma Ostrander, na tangu ahitimu hajawahi kumpa mtu nafasi ya kulisahau hilo. Akaniuliza kwa upole kama nimeshakula, maana yeye leo kashiba. Nikakata simu.

Jumapili, 10 Machi

Kanisani watu wananipa mkono kama mfiwa. Nimepokea rambirambi zote. Kuna waliokuja mara mbili.

Mchana kwa Joretta, kuku na viazi. Mpwa wangu Delaney, binti yao, alikuwa na macho mekundu. Anapiga tarumbeta kwenye bendi ya Bramwell, na huu ndio mwaka wake wa mwisho. Timu ikichaguliwa kwenda mashindano ya taifa, bendi nayo inakwenda. Bramwell haijachaguliwa tangu mtoto huyu akiwa na meno ya utoto. Miaka minne kapuliza tarumbeta kwenye ukumbi ule ule, chini ya paa lile lile linalovuja. Akasema, "Ndiyo basi tena, Mjomba."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, namjua mtu kwenye kamati ya uteuzi. Kusema kweli niliwahi kumvutia gari lake kutoka mtaroni bwana mmoja mwenye koti zuri, na hakukanusha kwamba yumo kwenye kamati.

Delaney akasema mtu wangu hahitajiki, kinachohitajika ni Jumanne. Akanieleza polepole, kama mtu anayemsomea bibi maelezo ya dawa. Bingwa wa ligi anaingia moja kwa moja. Wengine wanachaguliwa na kamati Jumapili ijayo. Ostrander wataingia hata wakicheza wamelala. Lakini Jumanne wanacheza fainali na Pickett, kachuo kadogo ambako hata maktaba inafungwa saa kumi. Pickett wakishinda, wanaingia kama mabingwa na kuchukua nafasi ya mwisho iliyobaki. Nafasi hiyo ni yetu.

Kwa hiyo, akasema, Jumanne kila mtu wa Bramwell anatakiwa kuwaombea Ostrander.

Nikamwambia arudie. Akarudia. Dwight alikuwa anatafuna kuku huku anatabasamu, hana haraka na mtu.

Jumatatu, 11 Machi

Kwenye mgahawa wa Opal leo kimya kama hospitali. Watu waliowatukana Ostrander maisha yao yote wanakoroga kahawa na kuangalia dirishani. Opal mwenyewe akasema, bila kumtazama mtu, kwamba vijana wa Ostrander ukiwaangalia vizuri nao wana wazazi.

Mimi sifanyi mambo nusu. Kama ni kuwashangilia, nitawashangilia kwa moyo wote. Nikaendesha gari hadi wilaya ya jirani, ambako hawanijui, nikanunue skafu ya zambarau ya Ostrander. Dukani, nyuma ya rafu ya kofia, nikagongana na kinyozi wetu Lonnie. Ana kofia ya zambarau mkononi. Tukakubaliana kwamba hatujaonana.

Jioni nikampigia Dwight kumpa habari njema: kesho nakuja kwake kuishangilia timu yake. Nilidhani atalia kwa furaha. Akasema, "Shemeji, nakuomba. Usifanye hivyo."

Nikamuuliza ana maana gani. Akasema mimi nikiipenda timu, inakufa. Akaanza kutaja. Bramwell, mwaka hadi mwaka. Timu ya kanisa, iliyovunjwa. Yule farasi wa maonyesho ya wilaya, aliyekaa chini katikati ya mbio. Na yule mgombea umeya niliyemwekea bango uani, akapata kura pungufu kuliko idadi ya ndugu zake. Akasema, "Wewe endelea kututukana kama siku zote. Unavyotutukana ndivyo tunavyoshinda. Usituharibie."

Ushirikina mtupu, na huyu ni mtu mwenye shahada ukutani. Nikamwambia ataniona kesho.

Jumanne, 12 Machi

Nimefika na skafu yangu. Dwight akanivua mlangoni kama anamvua mtoto buti zenye tope. Sharti la kuingia: nishangilie Pickett, kwa sauti, na nitukane Ostrander kama kawaida. Nikamgeukia Delaney anitetee. Akasema, "Mjomba, fanya tu. Tafadhali."

Basi nikafanya. Nikaishangilia Pickett kama mama mzazi. Nikasema mchezaji mrefu wa Ostrander anakimbia kama anabeba friji. Papo hapo akafunga. Nikasema mwenzake hawezi kulenga hata bafu akiwa ndani yake. Akafunga wa mbali. Dwight akaniongezea bakuli la maharage na nyama. Katika miaka yote ya udugu wetu sijawahi kukarimiwa namna ile.

Kipindi cha pili nikateleza. Kijana wa Ostrander alitoa pasi nyuma ya mgongo, pasi safi kabisa, na mikono yangu ikapiga makofi yenyewe. Makofi mawili, si zaidi. Pickett wakafunga mara tatu mfululizo, zote za mbali, na wakaongoza.

Dwight akasimama, akanishika kiwiko, akanitoa nje na bakuli langu.

Kwa hiyo dakika za mwisho za fainali nimezitazama nikiwa nimesimama uani kwenye baridi, kwa kupitia dirisha, sauti siisikii. Delaney alikuwa ameegemea kioo upande wa ndani, ananionyesha kwa mikono nishangilie Pickett zaidi. Midomo yake imepauka. Nikaona hapa si mzaha kwa huyu mtoto. Nikainua bakuli juu nikapiga kelele, "Pickett oyee! Wamalizeni!" Jirani aliyekuwa anatembeza mbwa wake akanisalimu na kuvuka barabara.

Mpira wa mwisho wa Pickett ulizunguka ukingo wa goli, ukazunguka tena, ukatoka.

Dwight akatoka nje bila viatu, akanikumbatia. Mara ya mwisho ilikuwa siku ya harusi yake, na hata siku ile alikuwa amenifananisha na mtu mwingine. Akasema, "Umetuokoa, shemeji." Nikamweleza ukweli: mdomoni nilikuwa na Pickett, lakini moyoni muda wote nilikuwa na Ostrander, kwa hiyo kilichoshinda ni moyo. Akaniachia papo hapo, akarudi ndani, akafunga mlango. Skafu yangu bado iko kwake.

Alhamisi, 14 Machi

Kwa Opal nimeeleza jinsi nilivyoendesha fainali nzima nikiwa uani. Lonnie akasema yeye alikuwa na kofia. Nikamkumbusha kwamba hatujaonana.

Delaney halali. Joretta anasema tarumbeta inasikika chooni.

Jumapili, 17 Machi

Sote kwa Joretta mbele ya televisheni. Wanatangaza timu kama watu wanaolipwa kwa kuchelewesha. Majina yakapita, sisi hatumo. Yakapita tena. Delaney alikuwa amekaa sakafuni, kajifunika uso kwa mto. Ilipobaki nafasi moja Dwight alizima mzaha wake wote, akaweka mkono kichwani kwa binti yake.

Bramwell.

Delaney hakupiga kelele. Aliutupa mto na kumkumbatia baba yake, kisha mama yake, kisha mimi, akilia kwa kwikwi. Tunaanzia mji wa Dayton, safari ya saa chache kwa basi, na yeye, akiota bahari, alikuwa ameshapakia nguo za kuogelea. Lakini tukishinda Dayton, timu na bendi wanapanda ndege kwenda California. Hajawahi kupanda ndege.

Baadaye akanivuta jikoni. Akanishika mikono yote miwili, akasema anajua ni kwa sababu yangu tumefika hapa. Nikasema ni kweli. Akasema ana ombi moja tu maishani: siku ya Dayton nikae nyumbani, na kama nitaangalia, niwashangilie wale wengine. Nikamwangalia mtoto huyu niliyembeba mgongoni. Nikamwahidi, na Joretta ni shahidi.

Sasa, huruma yangu kwake ni hii: kijana hajui bahati inavyofanya kazi. Ilibidi nisimame uani kwa sababu timu ile haikuwa yangu. Hii ni yangu. Hii inanihitaji karibu.

Nimepata kiti cha Dayton, safu ya tatu, nyuma ya benchi letu kabisa. Kocha atanisikia kila neno.