Maneno ya Beulah kwenye Sehemu ya Siri

Jumatatu, 4 Machi
Miaka themanini na mbili. Nimewazika wake wawili, nimezika trekta tatu, na ile kompyuta ya kiwandani iliyojaza chumba kizima nayo nimeizidi umri. Shule niliishia darasa la tano. Lakini programu ya kikundi chetu cha mbegu nimeiandika mimi, Orville Thibodeau, bila kufundishwa na mtu!

Beulah, mtunza mbegu wetu, alifariki Januari. Kadi zake sitini na moja ninazo mimi: kila aina ya maharage ya bonde hili, na namna ya kuyapanda yasiuawe na baridi. Delphine, katibu wetu, anataka kila mtu azisome. Kwani Beulah alimwachia nani? Mimi!

Jumanne, 5
Hila imekamilika. Kila aina nimeiundia kifurushi chake ndani ya programu. Jina na rangi, sehemu ya wazi. Maneno ya Beulah, sehemu ya siri, hayagusiki. Kifurushi kizima nikakisukuma kwenye safu moja ya hifadhidata, ile ya JSON, inayotunza data kama maandishi. Nikafungua kutazama: yote yamo. Kadi nikazitia kwenye jiko la kuni. Delphine akaibe majivu!

Alhamisi, 7
Theluji jana. Umeme ukakatika, mashine ikazimika. Leo imewaka. Majina yapo. Rangi zipo. Maneno ya Beulah, hata moja hakuna!

Nimeitukana mpaka koo likauma. Halafu nikaelewa. Safu ile huandikiwa yaliyo wazi tu. Ya siri huachwa mlangoni, na mashine haikohoi hata kidogo. Juzi nilikuwa nasoma yaliyokuwa bado kichwani mwa mashine, kabla haijazimika.

Yale maharage ya madoa mekundu, Beulah alisema yapandwe lini? Nakumbuka mikono yake ikimenya. Nakumbuka aproni yake. Maneno sikuyashika. Nilikuwa nasubiri amalize ili nianze kusema mimi.

Ijumaa, 8
Nimekwenda kwa Delphine kukiri. Alicheka mpaka akashika meza. Eti mzee mzima nimemficha marehemu hata mimi mwenyewe nisimwone. Kisha akafuta macho. Kumbe alishanakili kadi kumi na tisa, Beulah akiwa hai. Ya madoa mekundu haimo. Kwa hizo arobaini na mbili zilizobaki, akasema, ndiyo tumemzika bibi wa watu mara ya pili.

Akaniazima karatasi zake, na sahani ya ploye, chapati zetu za bonde, za moto juu. Sharti: yaandikwe wazi. Nimeapa kwa wake zangu, wote wawili.

Jumapili, 10
Nimejaza zote kumi na tisa. Wazi? Ili Delphine atambe nazo kwenye mlo wa kikundi wa maharage yanayopikwa shimoni, kana kwamba kaziokoa yeye? Thubutu! Safari hii nimetia kufuli mbili: siri ndani ya siri. Nimefungua kutazama: yote yamo! Karatasi zake nimewashia jiko, baridi ilikuwa kali.

Anayebisha kuwa maneno haya ni yangu amuulize Delphine, alinikabidhi kwa mkono wake. Naye akibisha, aje aiangalie mashine.

Asiizime tu.