Yogati ya Bibie

Jumatatu, 4 Machi
Balaa! Redio imetangaza yogati ya stroberi irudishwe dukani, imekutwa na vipande vya plastiki. Binti yangu, Bibie, ametoka kuugua na hali kitu kingine ila hiyo. Ijumaa nesi anampima uzito. Akipungua tena, analazwa. Kwenye friji nina vikopo vinne. Nivirudishe? Thubutu! Nitachuja.

Jumanne, 5 Machi
Nimechuja kwa chujio la chai. Safi kabisa! Nikajipongeza. Mara hodi: mama mwenye duka, tunayemwita Kamanda, kapanda ngazi zote na goti lake bovu, ndoo mkononi, anakusanya vikopo mlango kwa mlango. Wengine wangengoja tuwapelekee. Mwanamke huyu! Nikamwambia tumeshakula vyote. Akaniuliza, mwanangu, mbona chujio lina rangi ya waridi? Nikasema dawa ya kikohozi. Mungu anisamehe.

Jumatano, 6 Machi
Nikasema nionje kwanza mwenyewe, mimi ni mama, si mwendawazimu. Vijiko viwili, raha tupu. Cha tatu, kah! Jino limemeguka. Kipande cha plastiki ngumu, chembamba, kimepenya chujio kama hakikuliona. Nimekaa sakafuni. Kingekuwa kooni mwa Bibie! Jirani kachungulia, eti wanawe wanakula hata kabichi. Aende zake.

Alhamisi, 7 Machi
Kamanda karudi. Nimemjibu mdomo nimeufumba, asilione jino. Hakunigombeza. Kasema tu, lete mama, lete vyote. Akavitia ndooni. Kisha kampakata Bibie, akafungua mtindi mweupe aliokuja nao, akaponda ndizi ndani, akaanza kula mwenyewe. Bibie akanyoosha mkono. Kamanda akamnyima. Kamnyima! Akamwambia hiki cha wakubwa. Bibie akapora kijiko, akamaliza bakuli. Mimi nimembembeleza wiki nzima kwa nyimbo na machozi. Yule mama angepewa nchi aiendeshe.

Ijumaa, 8 Machi
Uzito umepanda! Nesi katabasamu, mimi nimelia. Kliniki nzima nimeisimulia habari za Kamanda. Nimeapa sitamficha kitu tena maishani.

Jioni redio imetangaza jibini: vipande vya waya. Nami ninayo, nzima, sijaigusa. Jibini haichujiki, najua, mimi si mjinga. Ila inakwaruzika, na waya haukwaruziki. Nasikia Kamanda anapanda ngazi na ndoo yake, goti linamuuma, hachoki. Mungu amzidishie.

Nimefunga mlango kwa komeo.